Kuingiza Nyimbo Zilizopakuliwa katika Maktaba ya Muziki: Mwongozo kwa Watunza Nyimbo wa Tosamaganga

Maktaba ya muziki ya kidijitali si folda iliyojazwa nyimbo. Ni orodha ambayo programu ya kompyuta au ya simu huitengeneza kwa kusoma maelezo ya kila wimbo, ili anayetafuta aupate kwa jina lake, kwa waimbaji, kwa mtunzi, kwa albamu au kwa aina, hata kama hakumbuki ulihifadhiwa wapi. Kuyachanganya mambo hayo mawili ndiko kunakozaa lalamiko la kila siku kwamba wimbo umepakuliwa, bando limekwisha, na bado hauonekani. Wimbo huwa upo, ila orodha haijaelezwa kuwa upo, au imeelezwa kwa jina ambalo hakuna atakayefikiria kulitafuta.

Mfano unaotumika hapa ni wa Tosamaganga, misheni ya Kikatoliki iliyo magharibi mwa mji wa Iringa, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19 na kushikwa na Wamisionari wa Konsolata baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Penye kanisa, hospitali, shule na nyumba ya watawa hapakosekani kwaya, na penye kwaya hapakosekani mtu mmoja, aghalabu mwalimu au katibu wa kwaya, ambaye simu yake ndiyo ghala la nyimbo za wote. Nyimbo humfikia kwa kupakuliwa mtandaoni, kwa kutumwa katika kundi la WhatsApp, kwa kurushiwa kutoka simu hadi simu, au kwa flashi iliyojazwa mjini. Mfano wa kwaya umechaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa programu nyingi za maktaba zilitungwa kwa kumfikiria msanii mmoja mwenye albamu yake, ilhali wimbo wa kwaya una mtunzi, waimbaji, parokia, jimbo na kipindi cha mwaka wa Kanisa, na programu haikuandaa mahali pa nusu ya hayo. Anayeweza kuzipanga nyimbo za kwaya hatasumbuliwa na bongo fleva wala singeli.

Kulikagua faili

Kazi huanza kabla programu yoyote haijafunguliwa, nayo ni kujua kilichopakuliwa ni nini. Jina la faili huishia kwa nukta na herufi chache, ambazo huonyesha umbizo, yaani namna sauti ilivyofungwa ndani ya faili. MP3, ambayo kiwango chake kilichapishwa mwaka 1993 kutokana na kazi iliyofanyika kwa sehemu kubwa katika Taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, hupunguza ukubwa wa faili kwa kuacha sehemu za sauti ambazo sikio la binadamu huzitambua kwa shida; M4A hufanya kazi ya namna hiyo kwa ustadi zaidi, lakini si kila redio huisoma. FLAC huibana sauti bila kutupa chochote, na WAV haibani kabisa, kwa hiyo dakika moja ya WAV yenye ubora wa CD hufikia takribani megabaiti 10. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ule unaorekodiwa kwa kubonyeza alama ya maikrofoni, huja katika umbizo la Opus, na programu kadhaa za muziki huupuuza.

Iwapo jina linaishia kwa apk au exe, kilichopakuliwa ni programu na si wimbo, nacho kifutwe bila kufunguliwa. Kompyuta za Windows, zisipobadilishwa mpangilio, huzificha herufi hizo za mwisho, hivyo faili lililopewa jina la wimbo likamalizikia kwa mp3.exe huonekana kama mp3 ya kawaida. Kwa sababu hiyo mtunza maktaba hana budi kuiagiza kompyuta ionyeshe majina yote kamili.

Jambo la pili la kukagua ni kasi ya biti, yaani kiasi cha data kinachotumika kwa kila sekunde ya sauti, ambacho hupimwa kwa kilobiti. Wimbo wa dakika nne wenye kilobiti 128 kwa sekunde huchukua karibu megabaiti 3.8, na wenye kilobiti 320 huchukua karibu megabaiti 9.6, maana yake flashi ya gigabaiti 16 hubeba zaidi ya nyimbo 4,000 za aina ya kwanza na kama 1,600 tu za aina ya pili. Namba kubwa si hakikisho la ubora. Wimbo uliotolewa kwenye video na kugeuzwa kuwa MP3 ya kilobiti 320 haupati sauti ambayo haikuwemo mwanzoni. Unachopata ni unene, na mwenye flashi ndogo hulipia unene huo kwa nafasi. Kwa nyimbo za kwaya zilizorekodiwa kanisani kwa simu, kilobiti 128 hutosha kabisa. Kwa rekodi ya studio yenye kinanda na sauti nne zinazopaswa kutofautishwa na wanaojifunza, 192 au 256 ni kiasi cha haki.

Kuna pia kinachoitwa kupakua ambacho hakizai faili la kuingiza popote. Wimbo uliohifadhiwa ndani ya Boomplay au Spotify ili usikilizwe bila intaneti umefungwa kwa namna inayosomwa na programu hiyo peke yake, hivyo hauwezi kuhamishiwa kwenye maktaba ya kompyuta wala kwenye flashi ya kwaya. Anayehitaji faili analoweza kulimiliki hulinunua au huliomba kwa wenye wimbo, na kwaya nyingi hulitoa kwa furaha zikiombwa.

Kunakili au kuelekeza

Programu za maktaba huuingiza wimbo kwa njia moja kati ya mbili, na asiyejua yake inatumia ipi atapoteza nyimbo siku moja. Katika njia ya kwanza programu hulinakili faili na kuliweka kwenye folda yake yenyewe. Katika ya pili haigusi faili, bali huandika tu anwani ya mahali lilipo, kisha hulifuata huko kila wimbo unapopigwa. Programu za Apple, tangu iTunes iliyotoka mwaka 2001, humpa mtumiaji nafasi ya kuchagua katika mipangilio. VLC, na programu nyingi za kuchezea muziki kwenye Android, hufuata njia ya pili, kwani hupekua kumbukumbu ya simu na kuorodhesha zinachokikuta.

Hatari ya njia ya pili huonekana pale wimbo unapoingizwa ukiwa bado kwenye flashi. Orodha huonekana imekamilika, lakini flashi ikichomolewa na kurudishwa kwa mwenyewe, majina hubaki na nyimbo hazipigi. Hali huwa hiyohiyo kwa anayeingiza wimbo ukiwa katika folda ya vilivyopakuliwa kisha akaisafisha folda hiyo ili kupata nafasi. Kwa hiyo utaratibu salama ni mmoja bila kujali programu: faili lihamishwe kwanza hadi mahali pake pa kudumu, na ndipo maktaba ielezwe. Mahali hapo pawe folda moja tu, ndani yake kila kwaya au msanii awe na folda yake, na ndani ya hiyo kila albamu iwe na folda yake. Kwenye simu ya Android folda iitwayo Music ndiyo inayofaa. Mafaili ya WhatsApp yasiachwe yalipo, kwani anayefuta mazungumzo au kuhamia simu nyingine huweza kuondoka nayo bila kujua.

Vitambulisho vya ndani

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtu husoma jina la faili, lakini programu ya maktaba husoma vitambulisho, yaani maandishi mafupi yaliyofichwa ndani ya faili yanayotaja jina la wimbo, mwimbaji, albamu, mwaka na mengineyo. Majina hayo mawili hayahusiani. Wimbo uliotumwa kwa WhatsApp unaweza kupewa jina kama AUD-20240331-WA0012, lisiloonyesha kitu zaidi ya tarehe ya kutumwa na namba ya mfululizo, huku ndani yake vitambulisho vyote vikiwa sahihi; na mwingine unaweza kuitwa vizuri kwa nje huku ndani umeandikwa anwani ya tovuti ulikopakuliwa badala ya jina la kwaya. Kubadili jina la faili, jambo ambalo wengi huanza nalo, hakubadilishi chochote katika orodha. Anayetaka jina la faili lisiharibiwe na WhatsApp amwambie mtumaji atume wimbo kama hati na si kama sauti.

Vitambulisho vya MP3 hujulikana kama ID3, na toleo lake la kwanza, lililobuniwa mwaka 1996, liliongeza baiti 128 mwishoni mwa faili na kutenga herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa mwimbaji na 30 kwa albamu. Herufi 30 huwatosha wasanii wengi wa dunia, lakini haziitoshi kwaya ya Tanzania. Kwaya ya Mtakatifu Kizito Makuburi, ya Dar es Salaam, ikiandikwa kwa ukamilifu ina herufi 34 pamoja na nafasi, hivyo kwenye redio ya zamani inayosoma toleo hilo jina hukatika na kusomeka Kwaya ya Mtakatifu Kizito Maku. Toleo la pili, la mwaka 1998, liliondoa kikomo hicho na kuruhusu hata picha ya jalada, nalo ndilo linalosomwa na simu na kompyuta za leo.

Kwaya hiyohiyo yafaa itazamwe kwa karibu, kwa sababu huonyesha tatizo kuu la maktaba za aina hii. Katika mafaili yanayozunguka mitaani jina lake huweza kuandikwa Kwaya ya Mt. Kizito Makuburi, au St. Kizito Makuburi, au Mt Kizito Choir, au Makuburi Choir, na kwa kuwa programu hailinganishi maana bali herufi, kwaya moja huwa kwaya nne zenye nyimbo mbilimbili kila moja. Kwa upande mwingine, kwaya zenye jina la Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, zimetapakaa majimboni, na zikiandikwa jina la mtakatifu pekee kwaya kumi huwa kwaya moja. Shida ya tatu huletwa na herufi ya kwanza: kila jina likianza kwa Kwaya ya, orodha nzima hurundikana kwenye herufi K na utafutaji wa kialfabeti hupoteza faida yake.

Dawa ya yote matatu ni kuamua kanuni moja ya uandishi, kuiandika kwenye daftari, na kuishika. Kanuni inayopendekezwa hapa ni kutanguliza mahali, kisha mtakatifu, na kuliacha neno kwaya, kwa mfano Makuburi – Mt. Kizito, na kwa waimbaji wa nyumbani Tosamaganga ikifuatiwa na jina la kwaya husika. Kanuni hiyo haipendezi machoni kama jina rasmi la kwaya, na wapo watakaoona imeikosea heshima. Lakini mahali ndipo panapotofautisha kwaya moja na nyingine, na mwimbaji anayetafuta wimbo dakika tano kabla ya misa huanza kwa kukumbuka ni wa wapi.

Sehemu ya mtunzi, ambayo wapakuaji wengi huiacha tupu, kwa muziki wa Kanisa huweza kuwa na thamani kuliko ya mwimbaji. Utunzi mmoja wa Bernard Mukasa huimbwa na kwaya nyingi, kila moja kwa mwendo wake, na mwalimu anayetaka kulinganisha namna mbalimbali za kuuimba hawezi kuzikusanya pamoja isipokuwa kwa jina la mtunzi. Jina hilo nalo liandikwe kwa namna moja daima, si Mukasa leo, B. Mukasa kesho na Mukasa Bernard keshokutwa.

Sehemu ya msanii wa albamu huchanganya wengi, kwa kuwa hufanana na ya mwimbaji. Tofauti yake ni kwamba sehemu ya mwimbaji hutaja walioimba wimbo husika, pamoja na mwimbaji kiongozi au mgeni aliyealikwa, ilhali ya msanii wa albamu hutaja mwenye albamu nzima. Ikiachwa tupu, albamu yenye nyimbo kumi iliyoimbishwa na waongozaji watatu huweza kupasuka vipande vitatu katika orodha. Wimbo usio na albamu nao usiachwe bila kitu, maana programu huzirundika nyimbo za namna hiyo zote chini ya albamu isiyojulikana. Upewe jina la tukio au la mkusanyiko, kama vile Mazoezi ya Pasaka 2024.

Kuhusu aina ya muziki, toleo la kwanza la ID3 lilikuja na orodha ya aina 80 zenye namba, zilizotokana na soko la muziki la Marekani na Ulaya, na wimbo wa komunyo wa Kiswahili hauna mahali unapokaa vizuri humo. Kwa bahati njema toleo la pili huruhusu kuandika maneno yoyote. Badala ya kuziita nyimbo zote injili, jambo lisilosaidia utafutaji hata kidogo, sehemu hii itumike kutaja kipindi, yaani Majilio, Noeli, Kwaresima, Pasaka au Mwaka wa Kawaida, na sehemu ya maoni itaje nafasi ya wimbo katika misa: mwanzo, zaburi, matoleo, komunyo, shukrani. Mpangilio huu ukikamilika, maandalizi ya Jumatano ya Majivu huanza kwa kuandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia.

Kazi ya kurekebisha vitambulisho ni nyepesi zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu, na programu ya bure kama Mp3tag humwezesha mtu kuchagua nyimbo zote za albamu na kuzibadilisha kwa mara moja. MusicBrainz Picard huenda mbali zaidi, kwani husikiliza sauti yenyewe na kuilinganisha na hifadhi iliyojengwa kwa michango ya watumiaji duniani; lakini hifadhi ya namna hiyo huwa na wasanii wa kimataifa kwa wingi na kwaya za parokia kwa uhaba, kwa hiyo pendekezo lake lisikubaliwe bila kusikiliza wimbo. Programu za maktaba zenye mtindo wa kujaza majina zenyewe kutoka intaneti zizimwe mtindo huo, kwa maana huweza kufuta jina sahihi lililoandikwa kwa jasho na kuweka la albamu ya mbali isiyohusika.

Wimbo ambao hakuna anayeujua uandikwe Haijulikani, pamoja na ulikotoka na tarehe ulipopokelewa, kisha upigwe mbele ya wanakwaya wazee siku ya mazoezi. Kubuni jina ni kosa kubwa kuliko kuliacha tupu. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wa watu mbalimbali, wakiwemo Wahehe na ala yao ya nyuzi iitwayo ligombo, na rekodi zake, zinazotunzwa na Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika aliyoianzisha mwaka 1954 na ambayo sasa ipo Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, zina manufaa hadi leo kwa sababu zilikwenda pamoja na maandishi ya nani anapiga, ala gani, lugha gani na wapi. Hayo ni maandishi ya aina ileile anayoulizwa mtunza maktaba kila anapofungua Mp3tag.

Nyimbo za kwenda kwenye redio

Si kila msikilizaji hutumia programu ya maktaba. Majumbani, saluni na kwenye magari, muziki hupigwa kwa sabufa au redio yenye tundu la flashi, na vyombo hivyo vingi havisomi vitambulisho ipasavyo bali hufuata majina ya mafaili au mfuatano wa kunakiliwa. Kwa ajili hiyo, nakala inayokwenda kwenye flashi ipewe namba mwanzoni mwa jina, na namba hizo ziwe za tarakimu mbili, 01 hadi 99, kwa kuwa vyombo vingi vikikuta 1, 2 na 10 hupiga 10 mara baada ya 1. Flashi iwe na mpangilio wa FAT32, maana redio za bei nafuu mara nyingi hazisomi NTFS wala exFAT, na nyimbo ziwe MP3, hata kama maktaba ya kompyutani inatunza FLAC. Ugeuzaji huo ufanywe kwenye nakala, wala asili isiguswe, kwani kilichotupwa na MP3 hakirudi.

Haki na akiba

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi katika maisha yake yote na kwa miaka 50 baada ya kifo chake, na usimamizi wake Tanzania Bara upo chini ya Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kwaya nazo ni watunzi na wazalishaji kama wengine. Kuuza flashi zenye albamu ya kwaya ya parokia jirani hakuhalalishwi na nia ya kueneza neno la Mungu, na maktaba ya kwaya inayojiheshimu huandika kwenye sehemu ya maoni wimbo ulipatikana kwa nani na kwa ruhusa gani.

Mwisho, maktaba iliyo kwenye simu moja haijawa maktaba. Simu huanguka, flashi hushika virusi vinavyogeuza folda zote kuwa njia za mkato, na umeme ukikatika wakati wa kunakili huweza kuliharibu faili lililokuwa njiani. Nakala kamili ya folda nzima, pamoja na lile daftari la kanuni za majina, iwekwe kwenye diski ya nje inayotunzwa katika jengo jingine, ofisi ya parokia kwa mfano, na ifanywe upya kila baada ya kuingiza kundi kubwa la nyimbo. Diski isichomolewe kabla kompyuta haijaruhusu, na kabla ya kufuta chochote kwenye simu zifunguliwe nyimbo tatu nne kutoka kwenye diski hiyo na kusikilizwa hadi mwisho, kwa kuwa faili lililonakiliwa nusu huonekana kwenye orodha sawasawa na lililo zima.